Nyuzi za Mimea Katika Kusafisha Maji ya Mito na Malambo

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya madiwani, watendaji wa kata na wajumbe wa vyombo vya watumia maji katika Wiki ya Maji



Kila mwaka mwezi Machi Watanzania huadhimisha Wiki ya Maji, na kilele chake huwa tarehe 22, Siku ya Maji Duniani. Katika Mkoa wa Tabora mwezi huo mvua huwa bado zinanyesha. Mito inatiririka, malambo yamejaa, na mpita njia anaweza kudhani kwamba shida ya maji imekwisha. Lakini ndoo inayotekwa mtoni wakati huo huwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yapo, kinachokosekana ni maji yanayofaa kunywewa. Mazungumzo haya yanahusu ndoo hiyo: kile ambacho nyuzi za mimea zinazopatikana kwa bei ndogo, au bila bei yoyote, zinaweza kuifanyia, na kile ambacho haziwezi.

Jambo la msingi lisemwe mapema ili lisipotee katikati ya maelezo. Nyuzi za mimea huondoa tope na mengi yanayosafiri pamoja na tope, lakini haziui vimelea. Anayezitumia kama hatua ya kwanza hupata faida kubwa kwa gharama ndogo. Anayezitumia kama hatua ya mwisho hujidanganya, na gharama ya kujidanganya huko hulipwa kwanza na watoto wadogo.

Maji katika njia ya misafara

Tabora ni mji uliokuzwa na njia. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikaingia Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: tawi moja likaelekea Ujiji, jingine likapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Kaze mwezi Novemba 1857. Livingstone alikaa Kwihara kwa miezi kadhaa mwaka 1872 akiwasubiri wapagazi kabla ya safari yake ya mwisho. Pembe za ndovu na watu waliotekwa utumwani walipelekwa pwani kwa njia hiyo. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba zilipandishwa bara. Mizigo mingi ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, na wao ndio waliojua maji yalipo.

Elimu hiyo ya maji ilikuwa suala la kufa na kupona. Kati ya Ugogo na Tura, mpakani mwa Unyamwezi, kulikuwa na nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, ambako visima vilikuwa vichache na vyenye umbali mrefu kati yake. Katika sehemu kavu za namna hiyo msafara ulitirikiza: watu walipika na kunywa adhuhuri penye maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka alasiri, wakalala pasipo na maji, kisha wakayafikia maji mengine kesho yake asubuhi. Saa za safari zilipangwa na kisima kabla hazijapangwa na kiongozi wa msafara.

Penye maji, hata hivyo, palikuwa na hatari nyingine. Mwaka 1876 James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki tangu mwaka 1821 hadi 1872, akaonyesha jinsi ugonjwa ulivyofuata njia za biashara. Mamia ya watu waliopiga kambi kando ya dimbwi moja, wakanywa humo, wakaoga humo na kujisaidia jirani yake, waliwaachia waliofuata nyuma yao zaidi ya majivu ya moto. Njia za misafara zimefunikwa na barabara na reli, lakini kanuni ya ugonjwa haijabadilika.  Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea Tanzania Bara na Zanzibar, na kabla haujatulia ulikuwa umewapata watu zaidi ya 30,000.

Yaliyomo ndani ya ndoo

Huduma ya maji katika mkoa imepiga hatua. Mabwawa ya Igombe na Kazima yaliulisha mji kwa miaka mingi, na sasa maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele yamefika Nzega, Igunga na Tabora kwa bomba. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi mwaka 2019, unaendelea kuchimba visima na kujenga miradi. Hata hivyo, bomba halijafika kila kitongoji, na hata lilikofika pampu huharibika. Siku pampu inaposimama, ndoo hurudi mtoni, lamboni au kwenye kisima cha kienyeji.

Maji ya ndoo hiyo hubeba vitu vya aina tatu. Aina ya kwanza ni ile inayoonekana: mchanga, majani yaliyooza, na udongo wa mfinyanzi wa mbugani. Mchanga huzama kwa dakika chache. Udongo wa mfinyanzi hauzami upesi, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno na kila moja ina chaji hasi ya umeme inayoisukuma mbali jirani yake. Ndiyo maana ndoo huweza kulala usiku kucha na asubuhi ikaamka na weupe ule ule wa tope. Aina ya pili ni viumbe hai: bakteria, virusi na mayai ya minyoo, vinavyotoka katika vinyesi vya watu na mifugo vinavyosombwa na mvua ya kwanza. Aina ya tatu ni vile vilivyoyeyuka: chumvi, floraidi, mabaki ya viuatilifu vya mashamba ya tumbaku na pamba, na zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Kila aina ina dawa yake. Makosa mengi katika kutibu maji huanzia hapo: dawa ya aina moja huaminiwa kwamba imeponya zote tatu.

Kazi ya uzi

Uzi wa mmea, uwe wa pamba, wa katani au wa dodoki, umejengwa kwa selulosi, na mara nyingi pamoja na lignini, ile inayoupa mti ugumu wake. Ndani ya maji uzi hufanya kazi tatu.

Kwanza, huzuia. Nyuzi zilizosokotana huacha matundu madogo. Kilicho kikubwa kuliko tundu hubaki juu. Pili, hunasa. Chembe ndogo kuliko tundu hugusana na uso wa uzi zikiwa njiani, nyingine zikashikamana nao, hasa pale maji yanapopita polepole. Ndiyo sababu tabaka nene la nyuzi zilizolegea huweza kukamata hata chembe ambazo kila tundu lake, likipimwa peke yake, lingezipitisha. Tatu, huvuta. Selulosi na lignini zina sehemu zinazoweza kushika metali zilizoyeyuka, kama vile risasi na shaba. Kazi hii ya tatu imethibitishwa mara nyingi katika maabara kwa nyuzi na maganda ya mimea mbalimbali. Lakini maabara hupima kiasi cha metali kabla na baada, na hujua ni lini uzi umeshiba. Jikoni hakuna kipimo hicho. Uzi ulioshiba hauvuti tena, wala haumwambii mtu kwamba umeshiba.

Kuna neno moja zaidi ambalo halina budi kukumbukwa katika kazi zote tatu. Uchafu ulionaswa haujatoweka duniani. Umehama kutoka katika maji na kuingia katika uzi. Nyuzi zilizotumika ni uchafu uliokusanywa mahali pamoja. Zikitupwa kando ya kisima, mvua itaurudisha mzigo wote kisimani.

Ushahidi wa kitambaa cha pamba

Ushahidi ulio imara kuliko wote kuhusu nyuzi za mimea na afya ya wanavijiji umetoka Matlab, nchini Bangladesh. Huko wanawake huvaa sari, na watu wengi walikuwa wakichota maji ya madimbwi na mito. Mtaalamu wa bakteria kutoka Marekani, Rita Colwell, pamoja na wenzake wa Bangladesh, waliwafundisha wanavijiji kuikunja sari kuukuu ya pamba ili iwe na tabaka nne hadi nane, kuifunga mdomoni mwa mtungi na kuchotea maji kupitia humo. Utafiti ulihusisha vijiji 65 vyenye watu wapatao 133,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48 katika vijiji vilivyotumia sari, vikilinganishwa na vile ambavyo havikutumia.

Jinsi jambo hilo lilivyowezekana ni somo lenyewe. Kimelea cha kipindupindu ni kidogo sana kuliko tundu la kitambaa. Kikiogelea peke yake kitapita. Lakini ndani ya maji ya dimbwi sehemu kubwa ya vimelea hivyo hukaa juu ya miili ya vijidudu vidogo vinavyoelea, na vijidudu hivyo havipiti. Kitambaa kilimzuia aliyebeba, na aliyebebwa akabaki naye. Aidha, sari kuukuu ilifanya kazi vizuri kuliko mpya, kwa kuwa kufuliwa mara nyingi hulegeza nyuzi zikatoa manyoya na kuziba nafasi zilizo kati yake.

Watafiti waliporudi baada ya miaka mitano waliwakuta takriban theluthi moja ya wanawake wakiendelea kuchuja maji bila kusimamiwa na mtu, na hata majirani zao wasiochuja walikuwa na nafuu. Kwa upande mmoja ni habari njema. Kwa upande mwingine ni onyo kwa kila mradi: wawili kati ya kila watatu walikuwa wameacha. Teknolojia isiyogharimu fedha bado hugharimu uangalifu wa kila siku, na uangalifu huchoka.

Watu wa njia ya misafara hawana haja ya kuagiza kitambaa hicho kutoka mbali. Bidhaa kuu iliyobebwa begani kutoka Bagamoyo ilikuwa kitambaa cha pamba kilichoitwa marekani, kwa jina la nchi kilikofumwa. Kwa kitambaa hicho posho ililipwa na hongo ikatolewa kwa watemi. Leo pamba yenyewe inalimwa Igunga na Nzega, na hakuna nyumba isiyo na kanga au shuka kuukuu ya pamba. Sharti ni moja tu: kitambaa kiwe cha pamba kweli, kilichofuliwa mara nyingi, kisichoacha rangi.

Nyuzi nyingine zilizopo

Katani iliingia nchini mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu. Katika miaka ya kwanza ya uhuru Tanganyika iliongoza duniani kwa zao hilo. Uzi wa katani ni mgumu na matundu yake ni mapana, kwa hiyo hauwezi kuchukua nafasi ya pamba. Unafaa kuwa mlinzi wa mbele: fungu la katani iliyooshwa na kukaushwa vizuri, likiwekwa juu ya kitambaa, hukamata majani, mchanga na vipande vya kinyesi cha mifugo ili kitambaa kisizibe haraka. Katani mbichi isitumike, kwa sababu utomvu wake huwasha. Na ikumbukwe kwamba uzi ni takriban asilimia 4 tu ya jani la mkonge. Kinachosalia, kikitupwa mtoni, hula hewa ya maji na kuua samaki. Zao linalotoa kichujio laweza pia kuuchafua mto.

Dodoki, linalopanda uani na kutumiwa kuogea, ni wavu uliofumwa na mmea wenyewe. Madodoki yaliyokomaa, yakamenywa, kuoshwa na kukaushwa juani, hupangwa ndani ya ndoo iliyotobolewa chini, na maji humiminwa juu yake polepole. Kasoro yake ni kuoza. Dodoki linalokaa ndani ya maji huanza kunuka na kulainika, na hapo hugeuka kuwa shamba la bakteria. Likaushwe juani baada ya kila siku ya kazi, na litupwe mara linapobadilika harufu.

Gome la miti ya miombo ni nyuzi pia, na wakazi wa Tabora wamelitumia kwa kamba na mizinga ya nyuki tangu kale. Lakini mti unaobanduliwa gome kwa kuzungushwa hufa, na msitu unaokufa hauwezi tena kuzuia udongo usiingie mtoni. Kuua mti ili kuchuja tope litakalosababishwa na kifo cha mti huo ni hesabu isiyo na maana. Vivyo hivyo, habari za mwaka 2014 kutoka chuo cha MIT cha Marekani, kwamba kipande cha tawi la msonobari kiliweza kuchuja sehemu kubwa sana ya bakteria, zisimfanye mtu akate matawi ya mninga. Mirija ya msonobari ni mifupi na ina viwambo kati yake. Miti yenye majani mapana ina mirija mipana na mirefu inayopitisha maji pamoja na yaliyomo.

Mbegu inayokisaidia kitambaa

Kwa udongo wa mfinyanzi, ambao ndio unaoyapa maji ya mbugani rangi yake, nyuzi peke yake hazitoshi. Hapa mlonge hukamilisha kazi. Ndani ya mbegu yake mna protini yenye chaji chanya; chembe za mfinyanzi zenye chaji hasi huivamia, zikashikana, zikawa madonge, madonge yakazama. Wanawake wa kandokando ya Mto Naili nchini Sudan walikuwa wakiitumia kabla ya watafiti kuieleza, na mapema katika miaka ya 1990 ilijaribiwa kwa mafanikio katika mtambo wa maji wa Thyolo, nchini Malawi.

Mbegu ziwe zimekomaa na kukaukia mtini. Humenywa, kiini cheupe kikatwangwa kuwa unga, unga ukakorogwa ndani ya kikombe cha maji safi na kutikiswa kwa dakika tano, kisha ukachujwa kwa kitambaa. Maziwa yanayopatikana humiminwa katika maji ya mto. Kwa maji yenye tope la wastani mbegu moja hutosha lita mbili. Kwa tope zito, mbegu moja kwa lita moja, na kwa maji mazito kabisa mbegu mbili. Maji hukorogwa kwa nguvu kwa dakika moja au mbili, kisha polepole kwa dakika 10 hadi 15, na kuachwa yatulie kwa saa moja au mbili. Hapo ndipo maji ya juu huchotwa na kupitishwa katika kitambaa, maana madonge sasa ni makubwa kiasi cha kuzuiwa na pamba. Kwa kuwa mbegu huacha mabaki yanayoweza kuwalisha bakteria waliosalia, maji hayo yasikae zaidi ya saa 24.

Mipaka isiyovukwa na uzi

Maji yaliyopita katika mlonge na kitambaa huweza kung'aa kama maji ya mvua. Mng'ao huo ndio hatari yake. Binadamu huamini jicho, na jicho halioni kirusi kinachowaharisha watoto wachanga wala bakteria wa homa ya matumbo. Hesabu ya Matlab ilikuwa ya kipindupindu, na nusu ya wagonjwa ndio waliokingwa. Nusu nyingine ilibaki.

Wala kitambaa hakiondoi kilichoyeyuka. Chumvi itapita. Floraidi, ambayo ni tatizo la visima vya Singida na sehemu nyingine za nyanda kavu, itapita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuijua kunahitaji kipimo cha maabara. Zebaki na viuatilifu, hata pale uzi unapovuta kidogo, havitapungua kwa kiasi cha kumruhusu mtu kunywa. Chini ya sehemu ya kuoshea dhahabu hakuna kichujio cha nyumbani cha kuaminiwa. Chanzo hicho kiachwe, na taarifa itolewe kwa ofisi ya maji. Kichocho nacho hakiingii kwa kikombe bali kwa ngozi, kwa hiyo kuchuja maji ya kunywa hakumkingi mtoto anayeogelea lamboni.

Utaratibu wa nyumbani

Yote yaliyoelezwa hukusanyika katika hatua tano ambazo kila kaya inaweza kuzifuata.

Kwanza, maji ya mto yaachwe yatulie, na penye mlonge, yatiwe mlonge. Pili, yachotwe taratibu bila kutibua chini, yapitishwe katika kitambaa kikuukuu cha pamba chenye tabaka nne hadi nane. Upande uliotazama juu utazame juu kila mara, ili kilichonaswa jana kisisukumwe ndani ya mtungi leo.

Tatu, maji yapimwe kwa jicho kwa namna iliyo sahihi. Chupa nyeupe ya plastiki ijazwe, isimamishwe juu ya gazeti, na mtu atazame kutoka mdomoni mwa chupa. Kama herufi kubwa za kichwa cha habari hazisomeki, maji bado ni mazito na yarudishwe hatua ya kwanza.

Nne, vimelea viuawe. Kwa kuni, maji yachemke na kutokota kwa dakika moja kamili. Kwa klorini, dozi ifuate maelekezo ya kifungashio. Kwa jua, chupa safi isiyo na rangi ilazwe juu ya bati kwa saa sita za jua kali, au siku mbili kama kuna mawingu. Hapa ndipo thamani ya uzi inapoonekana wazi. Klorini hutumika bure kwa kushughulika na uchafu wa tope kabla ya kuvifikia vimelea, na mwanga wa jua haupenyi maji mazito. Kitambaa hakichukui nafasi ya klorini wala ya jua. Huviwezesha vyote viwili kufanya kazi. Na kila chupa inayotibiwa na jua ni kuni zilizobaki msituni.

Tano, maji yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko na yatolewe kwa bomba au kata yenye mpini mrefu, bila mkono kuingia ndani. Kitambaa kisuuzwe mbali na chanzo cha maji, kikaushwe juani hadi kikauke kabisa, na nyuzi zilizochakaa zifukiwe shimoni.

Mto wenyewe kama kichujio

Kabla ya ndoo kuna mto, na mto una nyuzi zake. Maji ya mashariki mwa mkoa hufuata Manonga na Wembere kuelekea Ziwa Kitangiri na Eyasi. Ya magharibi hufuata Igombe na Ugalla hadi ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, kisha Ziwa Tanganyika. Ardhioevu hiyo, yenye eneo la kilomita za mraba 32,500, iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ya kwanza kutoka Tanzania. Mafunjo na matete yake hupunguza kasi ya maji, tope likatulia, na mizizi ikawapa makazi bakteria wanaokula uchafu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetumia kanuni hiyo hiyo tangu miaka ya 1990 katika utafiti wa ardhioevu za kutengenezwa, ambazo matete husafisha majitaka yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Wengi huisoma mita 60 kama ardhi iliyonyang'anywa mkulima. Isomwe pia kama kichujio: ukanda wa nyasi na matete usiohitaji kukunjwa, kufuliwa wala kuanikwa. Kijiji kinachoulima ukanda huo hadi ukingoni hukivunja kichujio chake kikubwa, kisha kila kaya hulazimika kukishona upya, kidogo kidogo, kwa kitambaa juu ya ndoo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yanayoombwa

Waheshimiwa madiwani na ndugu wajumbe, mambo matatu yako ndani ya uwezo wa kata na vijiji bila kusubiri bajeti mpya. Vyombo vya watumia maji vionyeshe hatua hizi tano kwa vitendo kwenye kila lambo na kisima cha kienyeji, kabla ya mvua za Novemba na tena pampu inapoharibika. Shule zipande mlonge, kwani mti huo hukua haraka na hustahimili ukame, na wanafunzi wakijifunza jaribio la chupa na gazeti watalifikisha nyumbani. Serikali za vijiji zipime mita 60, ziweke alama, na ziache matete yaote.

La mwisho linawahusu wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Desturi ni kuuliza, "Je, maji mnayachuja?" Mama akijibu kwamba anayachuja, alama huwekwa na mhudumu husonga mbele. Swali hilo lifuatwe daima na la pili: "Na baada ya kuyachuja, mnayafanyaje?" Kati ya swali la kwanza na la pili ndipo magonjwa mengi yanapopita, na kuuliza la pili hakugharimu hata shilingi moja.